Viza: watufuate Mbeya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie adha ya viza kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini. Pasipoti tunaiomba hapa hapa mkoani, lakini anayeomba viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, bado gesti na chakula.

Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Hata hivyo, kwa mkulima wa parachichi wa Rungwe aliyealikwa kwenye maonyesho Ulaya, kinachomnyima usingizi ni tarehe. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila unaweza kuchukua hadi 45, na maonyesho hayamsubiri mtu.

Nashauri Wizara ya Mambo ya Nje izikutanishe balozi husika, maofisa wao waje Mbeya na mashine za alama za vidole walau kila baada ya miezi mitatu. Uwanja wa Songwe upo, ndege zinatua. Nasi waombaji tusingoje dakika za mwisho: maombi ya Schengen hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari.

Msomaji wako,
Mbeya