Barua ya wazi kwa vijana wa afya wa Dodoma

Mbukwenyi wanangu,

Jumamosi tulimzika binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu. Alikuwa na saratani ya damu, ile sugu ya chembechembe nyeupe, na kila siku alimeza kidonge cha imatinibu. Bandama iliyokuwa imevimba ikanywea, akarudi kwenye genge lake la nyanya. Ndugu wakamwambia, "Umeshapona, vidonge vya nini tena?" Akaacha. Ugonjwa uliporudi wakamkimbiza kwa mganga. Chini ya turubai watu walisema amerogwa, nanyi wenye vyeti vya maabara mkainamia simu. Nimeumia sana.

Kidonge kile kina historia. Mwaka 1960, huko Philadelphia, watafiti Peter Nowell na David Hungerford waliona kwa hadubini kromosomu moja (kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya mwili) iliyo fupi isivyo kawaida kwenye seli za wagonjwa wa aina hiyo. Kipande kimekwenda wapi? Jibu lilitoka kwa mtafiti Janet Rowley wa Chicago, mama wa watoto wanne. Alikuwa akienda na picha za kromosomu nyumbani, anazikata kwa mkasi na kuzipanga kwenye meza ya chakula, watoto wakimtania kwamba anachezea wanasesere wa karatasi. Mwaka 1973 akatangaza: kipande cha kromosomu namba 22 kimehamia namba 9. Mkasi na karatasi, wanangu! Ninyi mna kompyuta, na kutwa mnalalamikia vifaa.

Baadaye ikajulikana kuwa kwa kuhama huko jeni mbili zimeungana na kutengeneza protini inayozifanya seli nyeupe zizaliane bila kukoma. Imatinibu huizuia protini hiyo. Jeni yenyewe haiiondoi. Ndiyo maana mgonjwa haachi kwa kujisikia mzima, anaacha daktari akisema. Daktari Brian Druker na wenzake walianza kuijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa mwaka 1998, Marekani ikaiidhinisha 2001.

Na sisi wazee tusijifiche. Rambirambi tulichanga kwa siku moja, lakini nauli ya kliniki binti yule alikuwa anakopa.

Sasa kuna bibi mtaani anatajwa kuwa ndiye aliyemroga. Tangu Jumamosi hajafungua mlango. Jumapili baada ya ibada naenda kwa mama wa marehemu. Anayeweza kumweleza habari za namba 9 na 22 kwa Kigogo, tufuatane.