Malalamiko: uzi wa E uliokatwa kwa koleo kaunta kwenu

Sakina, Arusha

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Muziki,
Arusha.

YAH: SETI YA NYUZI ZA GITAA LA BESI ISIYO NILIYOIAGIZA, NA UZI WA E ULIOKATWA

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti ya kurudisha bidhaa mmeyabandika wenyewe ukutani, sina haja ya kuyanakili. Nilikuja ndani ya siku zenu, nikiwa na risiti, na bidhaa haijafungwa kwenye gitaa. Nilichoondoka nacho ni uzi uliokatwa.

Jumamosi asubuhi mhudumu wenu alichukua uzi wangu wa E, ule mnene kuliko wote, ambao haujawahi kugusa kigingi chochote cha kukazia nyuzi, akaulaza juu ya shingo ya besi, akauvuta kwa mkono na kusema, "Mbona unafika?" Akashika koleo akaukata. Nilipodai hela yangu akanijibu kuwa uzi uliokatwa haurudishwi.

Niliagiza nyuzi bapa, za skeli ndefu, yaani sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa inchi 34, unene 45, 65, 85 na 105. Nimeandika hivyo hivyo kwenye ujumbe wa simu, nanyi mkajibu "ipo". Namba hizo za unene ni sehemu za elfu moja za inchi, na kila moja ina kazi yake. Mifereji kwenye mfupa wa kichwani mwa gitaa imechongwa kwa 105. Ukiweka uzi mwembamba unacheza ndani ya mfereji na kulia kama nyuki. Tena uzi mwembamba, kwa urefu ule ule na sauti ile ile, hukazwa kidogo. Mvuto ukipungua, fimbo ya chuma ndani ya shingo inaushinda nguvu, shingo inapinda kwenda nyuma, nyuzi zinagonga freti za mwanzo, vile vyuma vilivyolala shingoni. Hapo lazima fimbo ilegezwe robo mzunguko kwa wakati, shingo ipumzike, upime tena. Hiyo ni kazi ya fundi, na fundi analipwa.

Na kwa nini bapa? Kwa sababu uzi wa kawaida umezungushiwa waya wa mviringo, una mabonde madogo mwili mzima. Jasho na vumbi la kiangazi cha hapa vinajaa mle, baada ya miezi michache mng'ao wa sauti umekufa. Wengine huzichemsha kwenye sufuria au kuzilaza kwenye spiriti. Zinafufuka kwa siku chache tu. Za chuma cha pua zina makali zaidi, lakini zinatafuna freti. Uzi bapa umezungushiwa utepe, ni laini kama kioo, hausugui sana freti, haupigi kelele vidole vikiteleza, na ndani ya ukumbi wa kanisa wenye mwangwi noti inasimama mahali pake bila kuchacha. Mhudumu wenu aliniambia bapa ni za wazee. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye studio za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa nene na hakuwa mtu wa kuzibadilisha badilisha. Kama huo ndio uzee, niacheni nizeeke.

Sasa tufungue pakiti. Juu imeandikwa 45 hadi 105, skeli ndefu. Ndani, kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene, E ina milimita 2.54. Hiyo ni 100. Uzi wa 105 ni milimita 2.67. Uzi wa A una 2.03, yaani 80 badala ya 85. Tena si skeli ndefu kabisa. Kabla ya kufunga, kila mpigaji makini huulaza uzi juu ya gitaa, kitufe cha shaba kikiwa mahali pake kwenye daraja, na kutazama ile hariri ya rangi iliyozungushiwa mkia wa uzi inaanzia wapi. Inatakiwa ianze baada ya mfupa wa kichwani, upande wa vigingi. Yenu inaanzia kati ya freti ya kwanza na ya pili. Maana yake ni nyuzi za gitaa la skeli fupi ya inchi 30 zilizotiwa kwenye pakiti ya skeli ndefu. Ukibonyeza hapo noti inazimika, na hakuna kusogeza daraja kutakakoinyoosha.

Hayo ndiyo niliyokuwa namweleza alipoushika uzi. Narudia, kwa sababu bado siamini: namwonyesha kwa kidole hariri ilipoanzia, yeye anaangalia ncha ya mkia. "Unafika," anasema, na ni kweli mkia ulifika kwenye kigingi, mkia wa hariri! Wateja watatu wamesimama. Ananiita "chalii wangu", mimi mtu mzima. "Besi ni besi tu, nani anaisikia?" Wakacheka. Kisha koleo. Hakuukunja kwanza. Uzi wenye kiini (waya wa ndani) cha duara hukunjwa pembe mraba kwenye kigingi kwanza, ndipo ukatwe mbele ya kona, ukiacha sentimita 10 hivi baada ya kigingi, zitoshe mizunguko miwili au mitatu. Ukikatwa ukiwa umenyooka, utepe unaachia kiini na kuteleza, uzi unakufa kabla haujapigwa hata noti moja. Niliuona ukifunguka mkononi mwake. Ndipo akasema hairudishwi.

Kwa hiyo yeye alikata, na mimi ndiye nimeambiwa nimekata.

Ijumaa, kabla ya hayo yote, nilipiga simu na kuahidiwa kwamba "boss atakupigia". Hakuna aliyepiga hadi leo.

Nilikuwa nimekusudia kuomba seti sahihi tu. Sasa naomba shilingi 145,000 zangu zote, kwa sababu sina tena imani na pakiti yoyote iliyo kwenye rafu ile. Pia naomba msamaha wa maandishi wenye muhuri wa duka, na pakiti zote za aina hiyo ziondolewe mpaka mzipime moja moja kwa vernia. Vernia haigharimu kitu kikubwa.

Nawapa siku saba za kazi. Zikipita, pakiti, nyuzi tatu nzima na vipande viwili vya uzi wa E nitavipeleka Tume ya Ushindani pamoja na ujumbe wenu wa "ipo", kwa sababu maandishi ya nje na mali ya ndani haviendani. Na ile risiti ya mashine niliyoipata baada ya kuidai mara tatu, nitauliza Mamlaka ya Mapato (TRA) kama wateja wengine nao hulazimika kuidai mara tatu.

Vipande vya uzi ninavyo kwenye bahasha. Msitume yule kijana kuja kuvichukua.

Mteja wenu,
Mpigaji besi wa Sakina