Dinas Dinlle inaliwa na bahari, na Kilwa isingoje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nikizungumzie kilima cha Dinas Dinlle, kilichopo ufukweni karibu na mji wa Caernarfon, Wales. Si kirefu, mita kama 30 tu, lakini ukiwa juu yake unaiona ghuba yote, kisiwa cha Anglesey kaskazini na vilele vya Yr Eifl kusini. Watu wa Enzi ya Chuma waliokichagua hawakukosea. Walikizungushia matuta mawili makubwa yenye handaki katikati, wakaishi ndani yake.

Leo matuta ya upande wa magharibi hayapo. Kilima chenyewe si mwamba. Ni mchanga, kokoto na udongo ulioachwa na barafu ya kale. Mvua inakilegeza kutoka juu, mawimbi yanakichimba kutoka chini, na dhoruba za majira ya baridi zinamega vipande.

Kinachonigusa ni uamuzi wa wanaokitunza kilima hicho leo. Hawakujidanganya kwamba bahari itazuilika. Kupitia CHERISH, mradi wa urithi wa pwani uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulioanza 2017 ukiziunganisha Wales na Ireland, walipima mmomonyoko, na mwaka 2019 wanaakiolojia wakaanza kuchimba pamoja na watu wa kujitolea. Chini ya mchanga uliorundikwa na upepo wakakuta nyumba ya mviringo ya mawe, upana wake mita kama 13, tena jirani kabisa na ukingo wa genge linalomegwa na bahari. Wangechelewa, ingeporomoka na hakuna ambaye angejua iliwahi kujengwa.

Sasa nije Kilwa Kisiwani. Magofu yetu yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa humo 2014. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini bahari haisomi orodha, na Gereza, ile ngome ya kale ya ufukweni, tayari limepoteza sehemu ya kuta zake upande wa maji.

Sisemi tuna fedha za Ulaya. Kupima ufuo kwa vigingi na kamba kila baada ya masika hakuhitaji mfadhili. Naziomba mamlaka za mambo ya kale zitoe vipimo hivyo hadharani kila mwaka, na zichimbe kwanza pale panapokaribia kuanguka, hata kama pengine panavutia watalii zaidi. Vijana wa kisiwani wafundishwe kazi hiyo, na walipwe.

Msomaji wako,
Mzaliwa wa Kilwa, sasa Caernarfon