Barua kwa Rehema: Leontyne Price na mtaji wa sauti

Rehema mpenzi,

Habari za huko na za mazoezi? Uliniuliza Leontyne Price, mwimbaji wa opera wa Marekani, aliwezaje kuimba Aida, mhusika mkuu wa opera ya Verdi yenye jina hilo, jukwaani akiwa na miaka 57, umri ambao wengi wa sauti ya kwanza, yaani soprano, wamekwisha kuhamia ya pili kimyakimya. Kwa maoni yangu ni kwa sababu alijua kukataa. Florence Page Kimball, mwalimu wake pale Juilliard, chuo cha muziki cha New York, alimfundisha aimbe kwa faida, mtaji asiuguse: onyesho liishe huku sauti ingali na akiba. Binti huyu wa mkunga, mzaliwa wa Laurel, Mississippi, mwaka 1927, alilishika somo hilo mapema.

Metropolitan Opera, au Met, nyumba ya opera ya New York, ilipomwita mwishoni mwa miaka ya 1950 aje aimbe Aida mara chache tu, hakwenda. Mshauri wake alikuwa Peter Herman Adler, kondakta aliyemwimbisha opera ya Tosca kwenye televisheni ya NBC mwaka 1955, ambapo vituo kadhaa vya majimbo ya Kusini viligoma kumrusha mwimbaji mweusi. Adler hakutaka aingie nyumba ile kwa mara ya kwanza akiwa amevaa utumwa, maana Aida ni binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa Misri. Basi Aida akaiimba kwingine kwanza: San Francisco, Vienna, London, na La Scala ya Milan mwaka 1960. Tarehe 27 Januari 1961 ndipo alipoingia Met, tena kama Leonora wa Il trovatore, opera nyingine ya Verdi, mwanamke wa ukoo wa heshima. Makofi yalizidi nusu saa.

Mtaji uliguswa mwaka huohuo, alipofungua msimu kama Minnie wa opera ya Puccini, La fanciulla del West. Okestra hapo ni nzito, na sehemu kubwa ya Minnie iko sauti ya kati, karibu na kusema, mahali ambapo soprano hushawishika kusukuma ili asikike. Onyesho la pili sauti ikamkauka katikati ya kazi. Tendo la pili akalimaliza kwa kuyasema maneno, na mwimbaji Dorothy Kirsten akaitwa kuimba la tatu. Minnie hakuwa mhusika wa kudumu naye, na alifanya vyema kumwacha.

Sasa "O patria mia", wimbo wa tendo la tatu la Aida, ambao najua unautamani. Ugumu wake ni ile noti ya C ya juu, inayokaa kwenye mstari wa pili wa nyongeza juu ya mistari mitano ya noti. Verdi anataka ifikiwe kwa ulaini, baada ya mstari unaopanda taratibu. Wengi huharibu kabla hawajafika: hupanda na uzito wa kifua, hutumia pumzi nyingi kwenye noti za kati, kisha huipiga C kwa nguvu iliyobaki, ikatoka kama ukelele au ikashuka tuni. Kwa hiyo usianze na C. Jifunze mstari mzima toni mbili chini, sauti ya kati ikiwa nyepesi, na upandishe nusu toni pale tu utakapoumaliza pumzi ikiwa imebaki. Koo likikaza, shuka, usilazimishe.

Sikiliza kwanza rekodi ya Aida aliyoongoza Georg Solti, ambamo Price anaimba na Jon Vickers. Kisha tazama Aida yake ya kuaga opera, pale Met, tarehe 3 Januari 1985, iliyorushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Noti za chini zimeingia ukungu, lakini juu bado kunang'aa.

Ukipata nafasi, mtafute pia kwenye kazi za mtunzi Samuel Barber. Nyimbo zake za Hermit Songs, Price aliziimba kwa mara ya kwanza mwaka 1953, Barber mwenyewe kwenye piano. Opera yake Antony and Cleopatra, iliyofungua jengo jipya la Met mwaka 1966, ilielemewa na mitambo na mapambo ya jukwaa. Muziki haukustahili lawama yote ile, na Price alirekodi baadaye vipande viwili vya Cleopatra vinavyolithibitisha hilo.

Nisalimie wenzako wa sauti ya kwanza. Ukifika kwenye B bila kukaza, niandikie tuizungumze C.

Wako,
Zawadi