Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Ndege za gharama nafuu zimekwama mpakani

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kuhusu jambo moja tu, nalo ni mtandao wa safari wa mashirika ya ndege ya gharama nafuu katika ukanda wetu. Mashirika haya huunganisha kwanza miji ya nchi zao, kisha huvuka mpaka kwa kusitasita, na mengine hayavuki kabisa. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba abiria wa kuvuka mpaka ni wachache. Jibu hilo siliamini, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliofanya mpaka uwe ghali kuliko masafa.

Tazama ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa njia ya anga ni takribani kilomita 850, na kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni takribani kilomita 670. Ndege inayokwenda Nairobi hutumia mafuta pungufu kuliko inayokwenda Mwanza. Hata hivyo, abiria wa Mwanza hutozwa ada ya huduma ya abiria ya shilingi 10,000 za Tanzania, ambazo hazifiki dola 5, ilhali jirani yake anayekwenda Nairobi hutozwa dola 40. Wakati wa kurudi, Kenya nayo humtoza dola 50, ingawa angekuwa anatoka Nairobi kwenda Mombasa angelipa shilingi 600 za Kenya. Safari ya kwenda na kurudi kati ya majiji haya mawili inabeba dola 90 za ada kabla shirika halijanunua lita moja ya mafuta, na hapo sijazigusa tozo za usalama.

Shirika kubwa linalouza tiketi kwa mamia ya dola linaweza kuvumilia mzigo huo. Shirika la gharama nafuu haliwezi, kwa sababu biashara yake yote imejengwa juu ya nauli ndogo inayomshawishi mtu ashuke kwenye basi apande ndege. Fastjet, shirika la gharama nafuu, ilipoanza kuruka nchini Tanzania Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza, nauli yake ya kuanzia ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya tozo, ambazo wakati ule zilikuwa kama dola 20. Ada ya leo ya dola 40 ni mara mbili ya nauli ile. Sidai kwamba ada peke yake ndiyo iliyoliondoa shirika hilo katika anga ya Tanzania miaka sita baadaye, maana liliandamwa pia na madeni, lakini nauli ya namna ile haikuwa na nafasi ya kuvuka mpaka.

Yafaa pia kukumbuka jinsi mtandao wa mashirika haya unavyopangwa. Haukusanyi abiria kutoka pembe zote na kuwapitisha katika kituo kimoja kikuu. Hupangwa kwa jozi za miji, na kila jozi hutakiwa kujilipia yenyewe. Ndege hutua, hushusha, hupakia na kuruka tena ndani ya nusu saa hivi, mara nyingi kwa siku, kwa kuwa ndege iliyoegeshwa haiingizi kitu. Mpangaji wa safari akiona jozi haijai, huihamishia ndege kwingine bila huruma. Ndiyo maana mashirika haya yanaogopa kuliko mengine safari ambayo kibali chake kinaweza kuchelewa au kufutwa.

Na hofu hiyo ina msingi. Fastjet ilifika Johannesburg mwaka 2013, lakini ilianza safari za Nairobi, mji ulio karibu zaidi, Januari 2016. Jambojet, shirika la gharama nafuu la Kenya, ilianza mwaka 2014 kwa safari za ndani ya Kenya, na safari yake ya kwanza nje ya nchi, ya Entebbe, ilisubiri hadi 2018. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Kenya haikuwa imeiruhusu Air Tanzania kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu. Mgogoro ulimalizwa ndani ya siku chache, nawapongeza waliohusika, lakini kila mpangaji wa safari katika ukanda huu aliusikia.

Hatukosi mikataba. Uamuzi wa Yamoussoukro, wa nchi za Afrika kufunguliana anga, ni wa mwaka 1999, na Soko Moja la Usafiri wa Anga Afrika lilipozinduliwa Addis Ababa Januari 2018, Kenya na Rwanda zilikuwamo miongoni mwa nchi 23 za mwanzo. Mkataba wa Jumuiya yetu una Ibara ya 92 inayohusu usafiri wa anga, na wakala wetu wa usalama wa anga ana makao yake Entebbe. (Tena kizazi kilichotutangulia kilikuwa na shirika moja la pamoja, East African Airways, hadi 1977.) Ulaya iliruhusu mwaka 1997 shirika la nchi yoyote mwanachama kuruka hata kati ya miji miwili ya nchi nyingine mwanachama, na hapo ndipo mashirika ya gharama nafuu yalipotapakaa. Sisi hatujafika huko, na siombi turuke hatua.

Ninachoomba ni kidogo. Naomba Sekretarieti ipeleke mbele ya Baraza la Mawaziri pendekezo la majaribio ya miaka miwili: kila jozi ya miji ya nchi wanachama isiyo na safari ya moja kwa moja ya kila siku itozwe ada ya ndani badala ya ada ya kimataifa, na vibali vyake visifutwe kabla ya kipindi hicho kwisha isipokuwa kwa sababu za usalama. Nafikiria miji kama Mwanza, Kisumu na Entebbe, iliyo kandokando ya ziwa moja.

Najua Hazina zitauliza nani atafidia mapato. Pale ambapo hakuna ndege inayoruka, dola 40 hazikusanywi na mtu yeyote, kwa hiyo hakuna cha kufidia. Njia zenye abiria wengi, kama ya Dar es Salaam na Nairobi, zinaweza kusubiri matokeo. Kenya, Uganda na Rwanda zilipokubaliana mwaka 2014 kuondoa gharama za ziada za kupiga simu kuvuka mpaka, hazikungoja wanachama wote wawe tayari, na hata katika hili nchi mbili zinatosha kuanza.

Ningeshukuru kupata jibu la Sekretarieti kwa maandishi, hata kama ni la kukataa, mradi lieleze sababu.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa Afrika Mashariki