Malalamiko kuhusu ripoti yenu juu ya mwanangu, kipa wa hoki ya barafuni

Barani, Malindi
12 Januari 2026

Kwa Meneja,
Idara ya Tathmini ya Vipaji

KUH: RIPOTI ILIYOMKAGUA KIPA WA HOKI YA BARAFUNI KWA VIPIMO VYA KANDANDA

Bwana Meneja,

Mimi ni mama mzazi wa kijana wa miaka 16 ambaye kampuni yenu ilimtathmini mwezi Novemba kwa ada ya shilingi 18,500. Ripoti nimeipokea na kuisoma, kisha nikampa kocha wake naye akaisoma. Sote wawili tumeona jambo moja: aliyeiandika hajui kipa wa hoki ya barafuni anafanya kazi gani. Amemkagua mwanangu kama kipa wa kandanda, halafu akamhukumu kuwa hana uwezo wa kufika kiwango cha kulipwa. Nataka ripoti hiyo ifutwe.

Wakala wenu alipokuja Malindi kutafuta wateja, alitwambia wazazi kwamba kampuni inatathmini vijana wa michezo yote. Nikamwuliza waziwazi, hata hoki ya barafuni? Akanijibu kuwa mtaalamu wa mchezo huo mnaye. Kwa neno lake hilo nikatoa fedha za zamu yangu ya chama, ambazo zilikuwa na kazi nyingine. Nilimweleza pia kwamba kijana anasoma Nairobi, anakaa kwa mamake mdogo, na kwamba anacheza kwenye ule uwanja wa barafu ulio ndani ya hoteli, Barabara ya Mombasa. Hapa nyumbani alikuwa kipa wa kandanda, watu wa uwanja wa Alaskan wanamkumbuka. Huko Nairobi akaanza na viatu vya magurudumu pamoja na binamu zake, ndipo akaingia barafuni.

Nianze na ukurasa wa kwanza wa ripoti. Mmeandika kwamba kimo chake cha sentimita 178 hakimwezeshi kufikia mipira ya juu. Bwana Meneja, mtambaa wa panya wa lango la kandanda uko mita 2.44 kutoka chini. Lango la hoki ya barafuni lina kimo cha mita 1.22 na upana wa mita 1.83. Mwanangu akisimama wima, mtambaa wa panya unamfika chini ya kifua. Hiyo mipira ya juu asiyoifikia ni ipi?

Sisemi kimo hakina maana katika mchezo huu. Kina maana kubwa, na timu za Amerika ya Kaskazini hupenda makipa warefu. Sababu yake ni kwamba kipa akishuka magotini, mabega yake ndiyo yanayoziba sehemu ya juu ya lango, na mfupi huacha uwazi karibu na pembe zile mbili za juu. Mtathmini anayejua kazi angepima hapo: akiwa magotini anaacha uwazi kiasi gani, na anajua kusogea mbele kumkabili mpigaji ili uwazi huo upungue? Juuse Saros wa Finland ana sentimita 180 tu. Katika uteuzi wa NHL, ile ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini ambamo timu huchagua vijana kwa zamu, alichaguliwa raundi ya nne mwaka 2013, na amekuwa kipa wa kwanza wa timu ya Nashville. Hakuongezeka urefu. Anawahi kufika panapotakiwa. Juu ya kufika huko, ripoti yenu haina hata sentensi moja.

Ukurasa wa pili ndio ulioniuma. Mmeandika kwamba kijana "hupiga magoti mapema, dalili ya woga". Mtoto amelisoma neno hilo kwa macho yake.

Huko kupiga magoti ndiko kudaka kwenyewe. Kunaitwa mtindo wa kipepeo. Kipa hushusha magoti yote mawili pamoja kwenye barafu na kuitawanya miguu pembeni kuanzia goti kwenda chini, ili pedi za miguu zizibe upana wa chini ya lango. Glenn Hall aliuanza mtindo huo miaka ya 1950, Patrick Roy akaueneza miaka ya 1980 na 1990, na leo ni vigumu kumpata kipa wa kulipwa asiyeutumia. Swali la mtathmini huwa ni lini anashuka. Akishuka kabla gongo la mpigaji halijagusa kile kisahani cha raba kinachochezewa badala ya mpira, mpigaji atakiinua kipite juu ya bega. Akichelewa, kitapita chini yake. Baada ya kushuka, je, anaweza kujisukuma pembeni kwa mguu mmoja akiwa bado magotini, au ameganda pale pale? Kocha wake anasema mara nyingine kweli hushuka mapema, hasa mpigaji akimzuga mara mbili. Mngeandika hivyo ningeshukuru, na kijana angepata kitu cha kufanyia kazi. Mmeandika woga, kwa mtoto anayesimama mbele ya kisahani kigumu cha gramu 170 kinachomjia kwa kasi.

Mstari unaofuata unasema hatumii mikono miwili kudaka. Mkono wake wa kulia umeshika gongo na umevaa ile glavu bapa ya kuzuia. Hawezi kudaka nao. Hakuna kipa wa mchezo huu anayeweza. Ukiitazama video yake sekunde chache tu utaliona hilo, na hapa nashindwa kuamini kwamba video ilitazamwa.

Mimi ni fundi wa kushona. Alipokuja likizo Desemba alikuja na pedi zake, kwa kuwa mkanda wa mguu wa kushoto ulikuwa umekatika. Nimeushona upya kwa uzi wa kushonea viatu, na kwa kazi hiyo pedi zilikaa mapajani mwangu muda wa kutosha kuzitazama vizuri. Kisahani kile ni cha raba nyeusi, kikigonga pedi nyeupe huacha doa. Madoa ya pedi zake yamejaa upande wa ndani, kuanzia gotini kushuka hadi kifundoni, na kwenye fulana ya kinga yamekusanyika katikati ya kifua. Pembeni na nyuma ya pedi ni machache mno. Nilimpigia kocha nikamweleza. Akaniambia kwamba hiyo ni alama ya kipa anayefika mbele ya mpigaji mapema na kumkabili uso kwa uso, kisahani kikamkuta yeye, wala si yeye anayekirukia. Ikiwa fundi wa nguo anaweza kuona hivyo kwa kuangalia madoa, kampuni iliyolipwa kwa kazi hiyo ilikuwa inaangalia nini?

Kuhusu takwimu, mmeandika kuwa asilimia yake ya kuokoa ni 80 na kwamba hiyo ni chini ya kiwango. Hesabu hiyo imetoka kwenye mashuti 15 na mabao 3. Bao moja lingepungua, angekuwa na asilimia karibu 87. Kweli wastani wa NHL kwa miaka ya karibuni uko karibu na 90, lakini huo unatokana na maelfu kwa maelfu ya mashuti. Hamwezi kuchukua mashuti 15 mkayalinganisha nao. Tena ni mashuti gani? Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Ule wa Nairobi ni mdogo kuliko huo kwa mbali, kwa hiyo mashuti hupigwa kutoka karibu na mchezo hugeuka ghafla. Kocha ameyarudia mabao yale matatu kwenye video. La kwanza lilibadili mwelekeo kwenye mguu wa beki wetu. La pili, washambuliaji wawili walimjia akiwa peke yake, mmoja akapenyeza pasi ya kukata mbele ya lango. La tatu ni kosa lake: shuti lilikuwa jepesi, akakiachia kisahani kikarudi katikati badala ya kukipeleka kwenye kona. Hilo la tatu ndilo lililostahili aya nzima katika ripoti, maana namna kipa anavyodhibiti kinachorudi huonyesha mengi kuhusu aendako. Ninyi mmeandika "mabao 3" mkaendelea.

Fomu yenu haikuwa na mahali pa kujaza ameanza kuteleza akiwa na umri gani, wala anapata barafu mara ngapi kwa wiki. Mtoto wa Kanada au Finland huingia barafuni akiwa mdogo sana, na akifika 16 huwa na kocha wake wa ukipa. Wangu hupata barafu pale inapopatikana na pale ambapo mamake mdogo ana nauli na ada. Ukimpima alipofika bila kujua alipotokea, unapata picha ya leo tu. Nililipia tathmini ya uwezo wa mbele, na hilo ndilo jina mlilouandikia mkataba.

Halafu hukumu yenyewe. Ningekubali kuambiwa kwamba nafasi ni finyu, kwa sababu ni kweli. NHL ina timu 32, kila timu kwa kawaida ina makipa wawili, na anayesimama langoni ni mmoja. Kijana wa Malindi aliyeanza kuchelewa ana kilima kirefu cha kupanda, nami simdanganyi mwanangu juu ya hilo. Lakini kusema kwa uhakika kwamba kipa wa miaka 16 hana uwezo, hilo hata wenye mchezo wao hawathubutu, kwa kuwa wameshaumbuka mara nyingi. Mwaka 2000 mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika uteuzi wa NHL alikuwa kipa, Rick DiPietro. Mwaka huo huo Henrik Lundqvist alisubiri mpaka nafasi ya 205. DiPietro majeraha yalimkatiza. Lundqvist alitwaa tuzo ya Vezina ya kipa bora mwaka 2012, na mwaka 2023 akaingizwa katika Ukumbi wa Watukufu wa hoki. Tim Thomas alichaguliwa wa 217 mwaka 1994, akazunguka ligi za Finland na Sweden, na nafasi ya kudumu NHL akaipata umri umeshapita miaka 30. Mwaka 2011 aliipa timu ya Boston kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL, na ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mechi za mtoano. Sergei Bobrovsky hakuchaguliwa na timu yoyote, akaja kutwaa Vezina mwaka 2013 na 2017. Makipa hukomaa polepole kuliko wachezaji wengine. Anayewatathmini kwa kulipwa anatakiwa kulijua hilo kabla ya kushika kalamu.

Mmemalizia kwa kuandika kwamba "Kenya si nchi ya hoki ya barafuni". Kenya ni mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo tangu 2024. Sentensi hiyo haimhusu mwanangu na haikupaswa kuwamo.

Kuna na hili ambalo ni zito zaidi. Mwezi Desemba niligundua kwamba ripoti, pamoja na jina lake, picha na video, imetumwa kwa mawakala na kwa shule mnazoshirikiana nazo nje ya nchi. Sikuombwa ruhusa na sikutia saini. Mwanangu hajafika miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na kifungu cha 40 kinanipa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Mtu wa shule huko nje hatapata nafasi ya kumwona mtoto. Atasoma neno "woga", atafunga faili na kwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo nadai ripoti iondolewe katika kumbukumbu zenu, na kila mliyemtumia aandikiwe kwamba imefutwa kwa sababu vipimo vilivyotumika havikuwa vya mchezo huu. Barua hizo nipewe nakala. Nataka pia orodha ya wote waliotumiwa. Video na picha zifutwe mpaka nitakapotoa idhini kwa maandishi.

Juu ya fedha, nawapa hiari. Nirudishieni shilingi 18,500, au mfanye tathmini upya kwa kumtumia mtu aliyewahi kufundisha makipa wa hoki ya barafuni, na jina lake na kazi alizofanya nizijue kabla hajaanza. Mkichagua njia ya pili, kocha yuko tayari kutoa video za mechi nzima, siyo vipande, pamoja na za mazoezi ambapo anaonekana akijisukuma kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine. Huyo mtathmini akisema kijana hafai, aeleze ameona nini na katika dakika ya ngapi. Nitaipokea ripoti yake na nitamsomea mwanangu mwenyewe.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Msiponijibu, nitapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nikiambatanisha risiti, ripoti yenu na maelezo ya kocha. Msimtume wakala kuja kuzungumza nami dukani, niandikieni.

Wenu mwaminifu,

Mama wa mchezaji

Nakala: Kocha wa mchezaji, Nairobi
Viambatisho: Risiti ya malipo, ripoti ya tathmini, maelezo ya kocha kuhusu mabao matatu