Barua ya malalamiko: Mlijaribuje vifaa vya umeme na LUKU inasoma sifuri?

Goba, Dar es Salaam
14 Julai

Meneja,
Kitengo cha Ukaguzi wa Nyumba

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAARIFA YA UKAGUZI WA NYUMBA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Juni niliilipa kampuni yenu shilingi 400,000 mnikagulie nyumba niliyotaka kuinunua hapa Goba. Makubaliano yetu yanataja umeme, maji safi, maji taka, viyoyozi na hita. Kuta na bati niliviangalia mwenyewe. Ninyi niliwalipa kwa ajili ya vile ambavyo mtu kama mimi havijui.

Baada ya siku tatu nikaletewa taarifa ya kurasa 11, nzuri, ina nembo na picha za rangi. Pampu: inafanya kazi. Viyoyozi viwili: vinafanya kazi. Hita ya bafuni: inafanya kazi. Mabomba: hayavuji. Nikamlipa mwenye nyumba.

Sasa naomba mfungue ukurasa wa 6 wa taarifa yenu wenyewe. Kuna picha ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), mkaguzi wenu kaipiga kwa karibu hadi vumbi linaonekana. Kioo kinasoma 0.00. Nyumba ilikaa tupu miezi kadhaa, yuniti zikaisha, na tokeni ya kwanza niliinunua mimi tarehe 21 Juni (risiti nimeambatanisha). Viyoyozi viliwashwa kwa umeme upi? Na pampu isipowaka, maji hayapandi kwenye simtanki la juu. Bomba kavu litavuja nini?

Nilipoingiza yuniti ndipo mambo yakaanza. Hita ni ya wati 5,500, kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Haikupita robo saa, harufu ya plastiki inayoungua ikajaa kwenye korido. Fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) alipofungua, akakuta waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa kufungia taa, umewekewa sakiti breka (swichi ya kukata umeme ukizidi) ya ampea 32. Yaani waya ungeungua breka ikiwa imetulia tu.

Kilichonitisha zaidi ni ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Taarifa yenu inasema "ipo", na kweli ipo: rodi ya shaba imepigiliwa nyuma ya jiko. Ila waya wake umekatwa kiganja kimoja kabla ya kuifikia, na ncha yake imepakwa rangi pamoja na ukuta. Kwa hita hiyo isiyo na ethi ndipo wanangu wangeoga.

Upande wa maji, tulifunga koki zote pamoja na ile ya kuingizia tenki, mita ya maji ya DAWASA ikaendelea kuzunguka, maana yake kuna bomba linavuja. Kipimo hiki hakihitaji hata umeme, ni kusimama mbele ya mita dakika tano. Chemba ya maji taka sina haja ya kuieleza sana. Saruji ya kuzibia mfuniko haijaguswa na mtu, yaani haikufunguliwa.

Nilimpigia mkaguzi wenu akanijibu, "Mama, sisi tunakagua kwa macho." Sawa, sikutegemea abomoe ukuta. Lakini angeandika tu "haikujaribiwa, hakuna umeme", ningenunua tokeni ya elfu tano akarudi kesho yake. Kuandika "inafanya kazi" juu ya kitu ambacho hakikuwashwa si ukaguzi wa macho wala wa mikono.

Kwa hiyo naomba mnirudishie ada yangu 400,000, mnilipe 685,000 nilizotumia kubadilisha waya na kuunganisha ethi (ankara ya fundi nimeambatanisha), na mtume mkaguzi mwingine kwa gharama zenu. Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani (FCC).

Mkaguzi akija atakuta umeme. Yuniti nimeshaweka.

Mteja wenu,
Goba